Breki ya mzee iliyokataa kuachia

Ukimwambia mtu kwamba pikipiki fulani haina breki, atashtuka na kukushauri uiogope kama chui. Lakini ukimwambia kwamba breki za pikipiki hiyo zimeshika na hazitaki kuachia, huenda akacheka. Atakuuliza, je, si afadhali hiyo ambayo haiendi popote? Wengi hufikiri hivyo kwa kuwa hawajawahi kuwa juu ya chombo ambacho breki yake ya mbele hushika kidogo kidogo bila kuguswa, ikapata moto, ikashika zaidi, mpaka gurudumu likagoma katikati ya barabara huku lori likiwa nyuma. Breki isiyoachia na breki isiyoshika ni ndugu wa toka nitoke, na zote mbili zinaua.

Haya nimeyajua kwa sababu ya pikipiki ya baba yangu. Ni Honda CB250 ya mwaka 1975, yenye silinda mbili na taa ya mbele kubwa kama sahani ya ugali. Baba aliinunua kwa mtu mnamo 1981, wakati alipokuwa mkereza vyuma katika kiwanda kimoja mjini Thika nasi tukiishi Ruiru. Kila siku ya kazi alikuwa akitoka alfajiri, akapita penye mashamba ya kahawa, akapita Juja, akaingia Thika kabla ya king'ora cha zamu ya kwanza. Ni mwendo wa kilomita 20 hivi. Jioni sisi watoto tuliijua sauti ya pikipiki hiyo kabla haijafika langoni, na mama alikuwa akiiteka sukari ya chai kwa kusikia mlio wake tu.

Baba aliendelea kuiendesha hata baada ya kustaafu, mpaka ujenzi wa barabara kuu mpya ya Thika ulipoanza mwaka 2009. Makampuni matatu ya Kichina yaligawana kazi, vumbi likatanda, na njia za kupitia zikawa zinabadilika leo hivi, kesho vile. Mzee akasema hataki kufa akitafuta njia ya kwenda nyumbani kwake. Akaisukuma Honda yake hadi ghalani, akaifunika magunia. Barabara ilifunguliwa rasmi mwaka 2012 ikiwa pana, lakini pikipiki haikutoka. Kuku wakapata kiti cha kulalia.

Ingekaa humo mpaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu lau si binti yangu. Yeye ni kifungua mimba wangu, kwa hivyo ana jina la mama yangu kama desturi yetu Wagikuyu ilivyo, na anasomea uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja. Mwaka jana, baada ya daktari kumweleza baba kwamba ugonjwa wa presha ya macho umemnyang'anya sehemu kubwa ya uwezo wa kuona, msichana huyo alimwendea na kumwomba pikipiki. "Guka," akamwambia, "wewe huioni na mimi sina. Nipe."

Baba alikubali pale pale. Aliyekataa ni mama. Katika mtaa wetu ameshahudhuria mazishi ya vijana wawili wa majirani waliotolewa chini ya pikipiki, naye si mtu wa kusahau. Tulibishana siku tatu. Mwishowe mama alitoa hukumu yake akiwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. "Mwenye jina langu hatakalia kitu ambacho hakijui kusimama," akaniambia. "Kitengenezeni hapa hapa uani, nione kwa macho yangu. Na babako akisema bado, basi ni bado."

Kazi ilianza kwa pikipiki kukataa kutoka ghalani. Gurudumu la nyuma lilizunguka, la mbele likagoma kabisa. Tuliiburuta kama ng'ombe anayepelekwa josho, tairi likichora mstari mweusi juu ya saruji.

Fundi wa kwanza tuliyemwita ni kijana wa hapo mtaani anayetengeneza pikipiki za bodaboda. Ni hodari kwa kazi yake. Boxer ikizima, ataifufua kabla abiria hajakasirika. Aliitazama kalipa, yaani lile koleo la chuma linalobana diski ya gurudumu, akaligonga kwa nyundo mara mbili, kisha akatoa shauri. "Mzazi, tuing'oe hii kitu. Breki ya nyuma inatosha."

Sikumlaumu. Nyingi za pikipiki za bodaboda zilizojaa huku kwetu zina breki za ngoma, ambamo viatu viwili hutanuka ndani ya kitovu cha gurudumu vikivutwa kwa kebo au kwa fimbo ya chuma. Hazina mafuta, hazina sili, na kijana anaweza kuzitengeneza miaka mingi bila ya kukutana na kalipa. Isitoshe, kuna imani iliyoenea kwamba breki ya mbele humpindua mtu, na wapo waendeshaji wanaoilegeza makusudi wasije wakaishika kwa bahati mbaya. Baba, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake akisikiliza, aliinua uso.

"Kijana, ukiwa unakimbia kisha usimame ghafla, mwili wako huenda wapi?"

"Mbele, mzee."

"Na uzito wa pikipiki je?"

Kijana akanyamaza. Jibu ni kwamba uzito huo nao huenda mbele. Gurudumu la nyuma hubaki jepesi, na ukilibana sana huteleza tu. Kazi kubwa ya kuisimamisha pikipiki hufanywa na gurudumu la mbele, na anayeng'oa breki hiyo amejinyima zaidi ya nusu ya breki alizo nazo. Kinachowaangusha watu ni kuibana kwa pupa, au kuibana wakiwa kwenye kona na kokoto. Tulimlipa kijana pesa zake za kuja, naye alikaa kutazama mpaka jioni.

Hebu kwanza nieleze jinsi breki hii inavyofanya kazi, maana mama naye alitaka aelezwe kabla ya spana kuguswa. Binti yangu alichukua mabomba mawili ya sindano tunayotumia kuwapa ndama dawa, moja nyembamba na moja nene, akayaunganisha kwa kipande cha mpira na kuyajaza maji. Alipobonyeza bomba jembamba, lile nene lilisogea kidogo tu, lakini kwa nguvu ambazo mama hakuweza kuzizuia kwa kidole gumba. Hiyo ndiyo siri yote. Mkononi mwa mwendeshaji kuna bomba dogo liitwalo masta silinda. Huko chini kwenye kalipa kuna pistoni pana kiasi cha mdomo wa kikombe cha kahawa. Kati yake kuna mafuta ya breki. Kidole kikivuta wenzo juu, pistoni husukuma padi dhidi ya diski chini. Magari yalikuwa na breki za aina hiyo tangu zamani, lakini katika pikipiki zilipata kuenea baada ya Honda kutoa CB750 yake mwaka 1969. Ndogo kama yetu zilifuata baadaye.

"Na nikiachilia?" mama akauliza. "Ni nini kinachoirudisha?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Katika breki ya ngoma kuna springi inayovirudisha viatu. Ndani ya kalipa hamna springi ya kuivuta pistoni. Kuna pete moja ya mpira, ile mafundi waiitayo sili, iliyokaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye ukuta wa kalipa. Pete hiyo si ya mviringo kama uzi. Ukiikata utaona ina pembe nne. Pistoni inaposukumwa mbele, pete huishikilia na kujipinda nayo. Ukiachilia wenzo, pete hujinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kidogo, masafa yasiyoonekana kwa macho. Masafa hayo madogo yakikosekana, breki haiachii. Maisha ya mtu barabarani yametegemezwa kwenye kipande cha mpira unachoweza kukivaa kama bangili ya mtoto.

Kuna sababu zaidi ya moja za breki kung'ang'ana, na asiyejua huanza kwa kubomoa kila kitu. Baba alitaka kujua kwanza mwizi yuko chumba gani. Penye kalipa pana skrubu yenye tundu, ya kutolea hewa. Ukiilegeza, mafuta yaliyobanwa hutoka na shinikizo huisha. Iwapo hapo gurudumu litazunguka, basi kosa liko juu: ama mpira wa breki umevimba kwa ndani na kuyafungia mafuta yasirudi, ama tundu la kurudishia mafuta katika masta silinda limeziba. Gurudumu likibaki limeshikwa hata baada ya shinikizo kutolewa, kosa liko chini, kwenye kalipa yenyewe.

Shida ni kwamba skrubu ile ilikuwa imeshikana na kutu, na ukiilazimisha hukatikia ndani, ukabaki na msiba juu ya msiba. Wenye haraka huwasha moto wa gesi. Baba alitaka sufuria. Kalipa imetengenezwa kwa aluminiamu na skrubu ni ya chuma, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili zaidi ya chuma. Mama alikataa katakata kutoa sufuria ya kupikia, na nani angemlaumu, kisha akatoa ile kuukuu ya kuchemshia maji ya kunyonyolea kuku. Tulikata shauri la kuimwagia kalipa maji yanayotokota, ikapoa, ikamwagiwa tena, mara nne, huku tukidondosha mafuta mepesi ya kulainisha kutu kila ilipopoa. Mara ya tano spana ikasema *ka!* na skrubu ikageuka. Yalitoka matone mawili ya uji wa kahawia. Gurudumu halikuzunguka.

Basi, mwizi alikuwa chini. Na hakuwa mmoja. Kalipa ya Honda za miaka ile ina pistoni upande mmoja tu, na imeshikiliwa na mkono unaozunguka kwenye kijiti kama mlango kwenye bawaba, ili padi ya upande wa pili nayo ivutwe kwenye diski. Bawaba ile ilikuwa imekauka grisi na kuganda kama iliyotiwa saruji. Hiyo tuliitoa kwa nyundo ya mpira na subira. Pistoni ndiyo iliyotushinda.

Njia nzuri ya kuitoa pistoni ni kutumia breki yenyewe. Unavuta wenzo, mafuta yanaisukuma nje. Lakini masta silinda yetu ilikuwa imekauka na haikuwa na nguvu ya kusukuma hata mate. Wapo wanaotumia pampu ya upepo. Upepo hujibana, kisha hufyatuka, na pistoni hutoka kama risasi. Kidole kikiwa njiani, kwaheri kidole. Baba akasema tuipeleke Thika kwa mwanafunzi wake.

Mwanafunzi mwenyewe ana mvi kichwa kizima. Alikuwa chini ya baba kiwandani katika miaka ya themanini, na siku hizi ana mashine yake ya kukerezea chini ya mabati, karibu na Makongeni. Tulikwenda kwa matatu, baba amekumbatia kalipa ndani ya gunia kama mtu anayepeleka jogoo sokoni. Utingo alitaka gunia lilipiwe nauli. Baba akamwuliza kama gunia litapewa kiti, na abiria wakacheka mpaka Witeithie.

"Mwalimu!" fundi akapaaza sauti alipomwona. "Umeniletea nini leo?"

"Nimekuletea aibu, kijana," baba akamjibu. "Iondoe."

Kijana wa miaka sitini na kitu akaiondoa hivi: alikereza kiunganishi kidogo cha shaba, upande mmoja ukiwa na nyuzi za kuingia kwenye kalipa na upande wa pili nyuzi za chuchu ya kutilia grisi. Akaziba tundu la hewa, akaunganisha bomba la grisi lile la kawaida la kupakia magari, akaanza kusukuma. Grisi haijibani wala haifyatuki. Hutambaa tu, kwa nguvu nyingi mno kushinda za mkono juu ya wenzo. Alisukuma mara ishirini bila ya kitu kutokea. Kisha tukasikia mlio mwembamba, kama wa mlango wa kanisa la zamani, na pistoni ikaanza kutoka unene wa karatasi kwa karatasi.

Ilipotoka tuliona yote. Ngozi yake ya kromu ilikuwa na vishimo kama uso ulioponea ndui. Lakini si pistoni iliyokuwa na hatia kubwa. Ndani ya mfereji wa ile pete, nyuma ya mpira, palikuwa na unga mweupe mgumu mfano wa magadi. Aluminiamu ikishambuliwa na maji hutoa unga huo, na unga huhitaji nafasi kuliko chuma ulikotoka. Ulikuwa umejijenga nyuma ya pete mwaka baada ya mwaka, ukiisukuma iibane pistoni, mpaka pete iliyopaswa kuivuta pistoni nyuma ikawa ndiyo pingu yake.

Utauliza, maji yaliingiaje mahali palipojaa mafuta? Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani, kupitia kifuniko na hata kupitia ngozi ya mpira wake. Ndiyo maana chupa iliyofunguliwa haifai kuwekwa kabatini miaka na mikaka. Na madhara si kutu pekee. Kwa kipimo kinachotumiwa na wengi, mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za sentigredi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho huteremka hadi 155. Ukiteremka mlima huku umeshika breki, mafuta yenye maji yanaweza kutokota, mvuke ukajaa, na wenzo ukaja mkononi ukiwa mtupu. Mengi ya magari na pikipiki hushauriwa kubadilishiwa mafuta haya kila baada ya miaka miwili hivi. Nimewauliza majirani saba wenye magari. Mmoja alijua.

Fundi alikereza pistoni mpya kutoka kwa chuma kisichoshika kutu. Kati ya pistoni na ukuta wake huachwa nafasi isiyozidi sana unene wa unywele, kwa hivyo alipima, akakata, akapima, akakata, na kila mara akampa baba aishike. Baba haoni mistari ya kipimo siku hizi. Aliingiza pistoni kwenye kalipa ikiwa kavu, akaisikiliza ikishuka, akairudisha. "Bado." Mara ya tatu ilishuka polepole kama mtu anayezama usingizini, naye hakusema neno.

Pete ya mpira ilitusumbua kuliko pistoni. Katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, nilionyeshwa pete nyingi za mviringo na kuambiwa "hii itashika tu." Ni kweli ingeshika mafuta yasivuje. Lakini kuzuia kuvuja ni nusu ya kazi yake, na hiyo nusu nyingine, ile ya kuirudisha pistoni, pete ya mviringo haiifanyi ipasavyo. Ningemrudishia binti yangu breki nzuri kwa macho, na ambayo ingeanza kumshika tena akiwa barabarani. Hatimaye yeye mwenyewe aliagiza pete halisi kutoka ng'ambo. Nauli yake ilizidi bei yake, na tulingoja majuma matano. Mama aliyahesabu majuma hayo kwa furaha isiyojificha.

Wakati huo hatukukaa bure. Masta silinda ilifunguliwa, na kwenye sakafu ya kikopo chake cha mafuta mna matundu mawili, moja dogo kuliko tundu la sindano. Ndilo mafuta hupitia yakirudi, na yakitanuka kwa joto. Likiziba, breki iliyopata moto hujibana yenyewe, ikapata moto zaidi, ikajibana zaidi. Tulilizibua kwa uzi mmoja wa waya uliochomolewa kwenye kebo. Mpira mkuukuu wa breki ukatupwa bila majadiliano.

Halafu kulikuwa na ule mfereji. Binti yangu aliukwangua kwa spoku ya baiskeli iliyokunjwa ncha na kunolewa ikawa butu kidogo, ili isichane ukuta. Aliukwangua jioni nzima, akausafisha kwa spiriti, akampelekea babu yake. Baba aliingiza ukucha wa kidole cha shahada, akauzungusha mfereji mzima macho yamefumbwa.

"Bado. Hapa, upande wa skrubu."

Akarudi kukwangua. Akauleta tena.

"Bado."

Nilimwona msichana akiuma mdomo. Kwa macho yangu, na hata kwa tochi, mfereji ulikuwa safi. Usiku huo hakula mpaka alipoupeleka mara ya nne, na baba akauzungusha ukucha mara mbili nzima, kisha akampa mkono kama anavyomsalimu mtu mzima. Tangu hapo nimemsikia mara kadhaa akimwambia mambo ya mashine ambayo mimi, mwanawe, sikuwahi kuambiwa. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu. Pengine hakuona haja.

Siku ya kuunganisha, kila kitu cha mpira kilipakwa mafuta mapya ya breki, si grisi ya magari wala mafuta ya taa, kwa sababu hayo huvimbisha mpira huo na kuuharibu. Tangi likafunikwa blanketi, kwa kuwa mafuta ya breki yakidondokea rangi huibambua. Pistoni iliingia kwa vidole gumba viwili. Bawaba ikapata grisi yake.

Ikabaki kutoa hewa, kazi ya watu wawili: mmoja avute wenzo, mwingine afungue na kufunga skrubu huko chini, huku mafuta yakipita kwenye kimpira cheupe kuingia chupa ya soda. Mimi nilikuwa shuleni. Baba mikono yake hutetemeka. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama ameketi juu ya Honda, leso kiunoni, ameushika wenzo.

"Vuta, cucu. Shikilia hapo hapo!"

"Nimeshikilia."

"Achilia. Pole pole."

Mapovu yalitoka makubwa, yakatoka madogo, yakatoka kama chembe za chumvi, yakaisha. Mama alivuta tena, na nikauona uso wake ukibadilika. Wenzo ambao ulikuwa ukilala hadi kwenye mpini kama ulimi wa mbwa sasa ulisimama katikati, mgumu. Akauvuta mara ya pili kuhakikisha. "Kumbe ni kitu kama hiki," akasema, hakumwambia mtu yeyote. Baba aliomba gurudumu linyanyuliwe na kuzungushwa. Akainamisha sikio. Diski ilipita kati ya padi ikinong'ona kidogo, jambo ambalo si kosa. Mama akabana, gurudumu likasimama papo hapo. Akaachilia, likazunguka kwa kidole kimoja.

"Mama Ruiru," baba akasema, jina alilokuwa akimwita zamani tukiwa wadogo, "wewe wasemaje?"

Mama alisema masharti. Usiku hapana. Mvua hapana. Njia kubwa za katikati hapana, ni barabara ya pembeni tu. Na safari ya kwanza aende na mtu mzima.

Mtu mzima huyo nilikuwa mimi. Binti yangu alikuwa na leseni ya pikipiki tangu mwezi wa Machi, na kwa majuma mawili alifanya mazoezi ya kusimama kwenye uwanja wa shule, taratibu kwanza kisha kwa mwendo, mpaka padi mpya zikakubaliana na diski. Ndipo Jumapili moja asubuhi, kofia kichwani na jaketi la kumeremeta mwilini, nikapanda nyuma ya mtoto niliyempeleka kliniki mgongoni, tukashika njia ya Thika. Sikusema kitu njia nzima. Kila aliposhika breki nilisikia pikipiki ikiinamisha kichwa kidogo na kukiinua tena, na pale mlangoni pa chuo, Juja, matatu ilipojitupa mbele yetu kuchukua abiria, ilitosha nafasi ikabaki.

Fundi alikuwa akinywa chai. Alichuchumaa mbele ya gurudumu kabla hata hajatusalimu, akachovya kidole ndani ya kikombe, akadondosha tone juu ya diski. Tone halikuchemka. Lilikaa, likateleza chini polepole kama chozi. Akainua simu, akampigia baba.

"Mwalimu, imeachia."

Nilisikia baba akicheka upande wa pili. Kisha ikasikika sauti ya mama karibu na simu ikiuliza kama mtoto bado amevaa kofia, na ya kwamba wasichelewe kuanza safari ya kurudi, mawingu yameanza kukusanyika upande wa Kilimambogo.